Baridi Ndiyo Hatari, Hata Bila Theluji

Kila Novemba inapoingia, kwenye maegesho ya makanisa, ya misikiti na ya kumbi za harusi, kuanzia Minneapolis hadi Toronto hadi Munich, utayasikia maneno haya kwa Kiswahili: “Mradi theluji haijaanguka, matairi ya kiangazi hayana neno. Wewe endesha taratibu tu.” Anayeyasema mara nyingi ni mtu mzima, dereva wa siku nyingi, na anawaambia vijana waliomzunguka kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana wanamwamini. Mimi nasema ushauri huo ni mbovu. Ubovu wake umefichwa na chembe ya kweli iliyomo, kwamba lami kavu ni afadhali kuliko lami yenye theluji. Hilo hakuna anayelibisha. Tunachobishania ni kile baridi inachoufanya mpira wa tairi kabla hata punje moja ya theluji haijadondoka.

Kwanza tuelewane ni matairi gani, maana wengi wanaotoa ushauri huu wanazungumzia kitu kingine bila kujua. Gari nyingi za kawaida Marekani na Kanada hutoka kiwandani na matairi ya misimu yote, na uzoefu wa mzee wetu ni wa hayo. Hapa nazungumzia matairi ya kiangazi ya magari ya kasi: mapana, yenye ubavu mfupi, yanayofungwa kiwandani kwenye Corvette, kwenye BMW za M, kwenye Tesla Model 3 Performance, na kwenye baadhi ya Mustang na Camaro zenye injini kubwa. Gari hizi zikishatumika hushuka bei, na hapo ndipo zinapomfikia kijana wetu. Amedunduliza mshahara wa shifti za usiku, na mwezi wa Julai anapata gari la ndoto zake. Muuzaji anamwonyesha rangi, injini na viti vya ngozi. Matairi anayasifia tu kwamba bado ni mapya. Kuhusu Januari hasemi kitu.

Kwa hiyo nasema na huyo kijana: inama uangalie ubavu wa tairi. Ukiona mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji, tairi hilo limepita jaribio la kukamata theluji. Ukiona herufi M+S peke yake, hapo mtengenezaji anakuambia habari ya umbo la mifereji tu, na hakuna jaribio lililo nyuma yake. Usipoona hata kimoja, chukulia kwamba ni tairi la kiangazi, hata kama mifereji yake ni mirefu na mpira unang'aa. Wengi huangalia urefu wa mifereji wakaridhika, ilhali mifereji hailainishi mpira.

Na ulaini huo ndio habari yenyewe. Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ya ukubwa wa kiganja tu kwa kila gurudumu. Viganja vinne ndivyo vinavyobeba gari zima, na breki zote na kona zote hupitia hapo. Uso wa lami nao umejaa punje za kokoto, na mpira hauna budi kujipinda kuizunguka kila punje, uingie kwenye vijishimo, kisha ujirudi upesi uikamate punje inayofuata. Wanaotengeneza matairi ya kasi huuchanganya mpira ufanye kazi hiyo kwa ukamilifu ukiwa na moto, kwenye kona kali za mchana wa kiangazi, bila kuraruka. Gharama ya uamuzi huo hulipwa wakati wa baridi. Kila aina ya mpira ina kiwango cha joto ambacho ukishuka chini yake, huacha tabia za mpira na kuanza tabia za kioo: unakakamaa, haujipindi, na ukilazimishwa unapasuka. Mpira asilia wa mti hufika huko kwenye takriban nyuzi 70 chini ya sifuri. Mchanganyiko wa tairi la kasi umepandishwa kwa makusudi uanze kukakamaa mapema zaidi ya hapo, kwa sababu sifa ileile inayoufanya ukamate lami ya moto ndiyo inayoufanya ukakamae kwenye lami ya baridi.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa “barabara kavu” hawaligusi kabisa. Mpira hauangalii baridi peke yake, unaangalia pia unapindwa kwa kasi gani. Ukipindwa polepole hutii. Ukipindwa ghafla hujibu kana kwamba baridi imeongezeka. Breki ya dharura huupinda kwa kasi kubwa mno. Kwa hiyo tairi lililoonekana limetulia ulipokuwa ukitoka nyumbani linakuwa gumu zaidi hasa wakati ule lori la mbele linapowasha taa nyekundu na kusimama. Lilikushika vizuri muda wote ambao hukulihitaji, na hilo ndilo linalowadanganya watu.

Anayedhani baridi bila theluji haiwezi kuuangusha mpira na aikumbuke Challenger. Asubuhi ya tarehe 28 Januari 1986, huko Florida, chombo hicho cha anga kilirushwa hewa ikiwa na nyuzi 2 hivi tu juu ya sifuri, baada ya usiku wa barafu. Pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi zilikuwa zimekakamaa, hazikujirudi upesi kuziba mwanya, gesi ya moto ikapenya. Sekunde 73 baada ya kuruka chombo kilisambaratika, na watu wote 7 waliokuwemo wakafa. Wiki mbili baadaye mwanafizikia Richard Feynman, akiwa mjumbe wa tume ya uchunguzi, alikibana kipande cha mpira wa aina hiyo kwa kibanio kidogo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu, kisha akakitoa na kukifungua mbele ya kamera. Mpira ulibaki umebonyea, ukachelewa kurudi. Mchanganyiko wa pete zile si wa tairi, lakini kilichoonekana pale mezani ndicho kinachotokea chini ya gari lako: mpira uliopozwa haujirudi kwa wakati. Na glasi ile haikuwa na theluji.

Mpinzani wangu nimpe haki yake. Akisema nyuzi 7 si ukuta, anasema kweli. Watengenezaji wa matairi hutaja nyuzi 7 za Selsiasi, yaani 45 za Farenhaiti, kama alama rahisi kukumbuka ya kubadilisha matairi, na wapo wapimaji wa Ulaya ambao wameonyesha kwamba tairi zuri la kiangazi la kawaida, kwenye lami kavu yenye nyuzi chache juu ya sifuri, linaweza kulisimamisha gari mapema kuliko tairi la baridi. Sipingi. Ila masharti yake yasirukwe: lami kavu, joto la juu ya sifuri, tairi la kawaida. Hoja ninayoijibu inachukua matokeo hayo na kuyahamishia kwenye tairi la kasi, kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, saa kumi na moja alfajiri.

Alfajiri hiyo inanihusu sana. Watu wetu wengi katika miji hii ni wauguzi, ni walezi wa wazee, ni wafanyakazi wa maghala na viwanda vya nyama. Hawatoki saa saba mchana jua likiwa limeikausha lami. Wanatoka kabla ya mapambazuko, saa ambazo baridi imefikia ukali wake, au wanarudi usiku wa manane shifti ikiisha. Januari huko Minneapolis, usiku hushuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri kama jambo la kawaida. Mtu atasema chumvi imemwagwa barabarani. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu kadiri baridi inavyozidi, na ikifika nyuzi 9 hivi chini ya sifuri kazi yake inakuwa ndogo sana. Madaraja nayo huganda kabla ya barabara nyingine, kwa sababu hewa baridi hupita juu na chini yake, na barafu nyembamba ya darajani ina rangi ya lami ileile. Hiyo “barabara kavu” inayotajwa kwenye maegesho saa nane mchana, muuguzi wa zamu ya alfajiri huenda asiikanyage wiki nzima.

Halafu huja utetezi wa pili, kwamba matairi yatapata moto ukishaendesha kidogo. Ni kweli tairi hupata moto linapojipinda. Lakini moto huo hutokana na mwendo, mzigo na kona, na lami iliyoganda huunyonya kila gurudumu linapozunguka. Timu za Formula 1 huyafunika matairi kwa mablanketi ya umeme kabla gari halijatoka, kwa sababu madereva bora duniani hawako tayari kuingia kona ya kwanza na mpira baridi. Wewe kona yako ya kwanza iko mita chache kutoka mlangoni, na taa za kwanza za barabarani ziko mbele ya shule. Tena angalia jinsi tetezi hizi mbili zinavyouana. Ukiendesha taratibu, matairi hayapati moto. Ukitaka yapate moto, huwezi kuendesha taratibu. Mtu anayekupa hoja zote mbili kwa pumzi moja hajaifikiria hata moja.

Nirudi basi kwenye huo mwendo wa taratibu, maana ndio nguzo ya hoja nzima. Umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kupunguza mwendo kunasaidia, na kila dereva apunguze. Lakini fanya hesabu hii. Magari mawili yako kwenye kilomita 80 kwa saa, maili 50, na yote mawili yanakanyaga breki kwa pamoja. Moja lina matairi yanayofaa. Jingine lina matairi yaliyokakamaa kiasi cha kuhitaji umbali ulioongezeka kwa moja ya tano tu. Mahali ambapo gari la kwanza limesimama kabisa, la pili bado linakwenda kilomita 33 kwa saa. Kasi hiyo inatosha kumvunja mtu anayevuka kwa miguu. Na hapo nimechukua ongezeko dogo, kwenye lami, bila barafu. Ili kuifidia tofauti hiyo kwa mwendo ingekubidi uende chini ya wenzako wakati wote, hata unapoingia barabara kuu, huku nyuma yako kuna lori la magurudumu 18. Hakuna anayefanya hivyo. Wanaosema “taratibu” huenda taratibu kwa dakika tano za kwanza, kisha wanafuata mwendo wa barabara.

Ustadi nao hauzibadilishi hesabu hizi. Wapenzi wa mbio za magari wanazijua Safari Rally ya Naivasha na zile za Sweden, na wanajua kwamba madereva ni walewale. Sweden wanaendesha juu ya matairi yenye misumari, na mifereji yake haifanani hata kidogo na ile ya vumbi na mawe ya Kenya. Bingwa wa dunia mwenyewe hathubutu kwenda kule na matairi ya huku. Mjomba aliyeendesha mabasi ya Mombasa hadi Nairobi miaka yake yote ni dereva hodari, namheshimu, na katika njia ile asingekubali tairi kipara hata angebembelezwa. Basi na aelewe kwamba kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, tairi jipya la kasi lenye mifereji yote limo katika hali hiyohiyo ya kutokushika, kama kandambili za plastiki kwenye vigae vilivyolowa.

Kuhusu gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne sitasema mengi. Linakusaidia kuondoka. Gari linaloendeshwa na magurudumu mawili nalo lina breki nne, kwa hiyo wakati wa kusimama halipungukiwi chochote. ABS na mfumo wa kulizuia gari lisizunguke hufanya kazi ya kugawa mshiko uliopo, na mshiko usipokuwepo hakuna cha kugawa.

Kilichobaki ni kile ambacho watetezi hawakitaji kamwe, nadhani kwa sababu hawajawahi kukisikia: tairi lenyewe huharibika. Fungua kitabu cha mwongozo cha Chevrolet Corvette, sehemu ya matairi. Kinashauri matairi ya baridi kwa anayetarajia kuendesha mara kwa mara kwenye joto la chini ya nyuzi 5 hivi. Kisha kinaonya kwamba chini ya nyuzi 7 chini ya sifuri, ambazo ni 20 za Farenhaiti, mpira wa matairi ya kiangazi hupoteza unyumbufu na huweza kupata nyufa usoni. Kinataka yahifadhiwe mahali penye joto zaidi ya hilo. Na kama yameshapatwa na baridi hiyo, yawekwe ndani penye angalau nyuzi 5 kwa saa 24 au zaidi kabla ya kufungwa au kabla ya kuliendesha gari ambalo tayari linayo, bila kuyapuliza hewa ya moto, na yakaguliwe kabla ya kutumika. Hawa ndio waliolitengeneza gari na wanaotaka uliendeshe. Hawajataja theluji katika onyo hilo la nyufa. Wametaja joto tu.

Fikiria maana yake. Gari limelala nje usiku, mpira umekakamaa, asubuhi mwenyewe anarudi nyuma kutoka kwenye maegesho na gurudumu linapanda ukingo wa njia. Ubavu unajipinda ghafla, uso wa tairi unavutwa, ufa unaanza chini ya mfereji ambapo jicho haliufikii. Miezi inapita, na ufa ule unakutana na moto wa Julai kwenye barabara kuu. Madhara ya nyufa za namna hiyo, mara nyingi, dhamana ya mtengenezaji hailipi. Kwa hiyo hata yule asiyejali maisha yake anajali pesa zake, na kwa kipimo hicho pia ushauri wa kwenye maegesho ni hasara.

Na pesa ndiyo hoja pekee ninayoiheshimu kweli. Najua mshahara wa kijana wetu unagawanywa mara ngapi: kodi ya nyumba, ada ya mdogo wake kule Bukavu, dawa za mama kule Tanga. Seti ya pili ya matairi na rimu zake ni mzigo mkubwa. Lakini seti mbili hazitumiki kwa pamoja. Miezi ambayo moja inafanya kazi, nyingine imepumzika, na zote mbili hudumu zaidi. Mara nyingi gari la kasi hukubali rimu ndogo zaidi wakati wa baridi, mradi zipite kwenye breki zake, na matairi ya kipimo kidogo ni ya bei nafuu na ubavu wake mrefu huvumilia mashimo. Ontario, tangu 2016, kampuni za bima zinatakiwa kumpa punguzo mwenye matairi ya baridi, na nimewakuta watu wetu ambao hawajawahi kuliuliza. Ukinunua yaliyotumika, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Na usinunue mawili ukayafunga kwenye magurudumu yanayosukuma gari peke yake. Kwa mfano, gari lenye mshiko mbele na utelezi nyuma hugeuka kichwa nyuma kwenye kona. Ni manne, au ungoje basi la mji hadi upate manne.

Serikali nyingine hazikuliacha jambo hili kwa ushauri wa maegesho. Quebec imeyafanya matairi ya baridi kuwa lazima kwa magari madogo, na sasa kipindi chake ni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, theluji ianguke isianguke. Ujerumani husubiri hali ya barabara yenyewe, barafu, theluji au tope lake, na anayekamatwa na matairi ya kiangazi katika hali hiyo hutozwa euro 60 na kuandikiwa pointi moja. Kati ya sheria hizi mbili mimi niko na Quebec. Sheria ya Ujerumani inamwachia dereva uamuzi asubuhi ileile ambayo amechelewa kazini, na inaitazama barabara bila kuutazama mpira. Majimbo mengi ya Marekani, Minnesota likiwa mojawapo, hayalazimishi chochote kwa gari la kawaida. Hapo ndipo neno la mtu mzima kwenye maegesho linapogeuka kuwa sheria, na ndipo ninapomwomba alipime upya.

“Lakini mimi nimeendesha hivi miaka yote na sijapata ajali.” Namwamini. Mwendo mwingi haudai breki ya dharura, na barabara nyingi asubuhi nyingi zina nafasi. Hilo linatueleza kwamba lori halikusimama mbele yake. Kuhusu matairi yake halituelezi kitu. Na siku litakaposimama, hatakuwa peke yake katika hesabu: kuna watoto aliowapakia nyuma, na kuna mtu wa gari jingine ambaye alifunga matairi yake kwa wakati na akalipia.

Basi kama unasoma haya na gari lako la kasi limelala nje usiku wa kuamkia leo kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na matairi ya kiangazi bado yamo, usiliendeshe hata hadi gereji ya jirani. Piga simu kwa fundi anayekuja nyumbani na gari lake la vifaa. Miji mingi mikubwa inao. Aje na magurudumu mengine, apige jeki hapohapo ulipoegesha. Yale ya kiangazi yaingie ndani yakakae penye joto, na kabla ya kuyarudisha msimu ukibadilika, mulika tochi kwenye kila mfereji uangalie kama kuna ufa.